Baa yetu ya mjini Morogoro: lawama anabeba mhudumu, shida imekaa kaunta

#1 (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumamosi ile ya mechi ya watani, nimeona nilete hapa maana wengi wenu ni wateja wa baa na wengine mmefanya kazi huko.

Naishi Morogoro, mji kasoro bahari. Kuna baa moja hapa mjini nimekuwa mteja wake kwa miaka sita. Jina silitaji, sikuja kumharibia mtu biashara. Ni baa ya kawaida: kiwanja cha changarawe, miembe miwili, ukumbi wenye televisheni nne, kaunta yenye nondo, jiko la nyama kwa nyuma. Ukikaa upande wa miembe jioni unaiona milima ya Uluguru ikijifunika wingu. Nilihamia pale kwa sababu ya mhudumu mmoja, dada wa makamo. Ukikaa tu anakuja na kitambaa, anafuta meza, anakuuliza baridi au moto, chupa anaifungulia mbele yako. Kwa hayo tu niliacha baa iliyo mlangoni kwangu nikawa natembea dakika ishirini.

Dada yule aliondoka mwaka jana. Tangu hapo sijui nimeona wahudumu wapya wangapi, hakuna anayefikisha miezi mitatu.

Sasa Jumamosi hiyo. Tulikuwa wanne, watu wazima, mmoja wetu mwalimu anayekaribia kustaafu. Pale kwetu kizibo hakitupwi, kinakaa kwenye kisahani mezani, na mwisho vizibo ndiyo hesabu. Mechi imeisha, tunaomba bili, binti anasema bia kumi na sita. Kisahani kina vizibo kumi na tatu. Bia ni 2,500, kwa hiyo tunabishania 7,500. Siyo pesa ya kuuza shamba, lakini tunaijua idadi yetu na tuliihesabu mara mbili.

Akaitwa meneja. Hakuuliza kitu wala hakukitazama kisahani. Alisema, "Kuna wateja wanatupa vizibo chini makusudi." Mwalimu wetu alinyamaza, nikamwona ameinamisha kichwa. Tukalipa zote kumi na sita ili tuondoke.

Tumefika getini binti akatukimbilia. Analia. Akasema, "Baba, naombeni mnisamehe. Meza ya pale ukutani wameondoka hawajalipa, na mimi nakatwa." Ndiyo maneno yake yote, akarudi ndani mbio.

Kwa hiyo alitubambikia, hilo liko wazi. Lakini njia nzima nilikuwa nikijiuliza kwa nini hasira zangu haziendi kwake.

Yako na mengine. Nyama unaagiza kilo, inapimwa huko nyuma hujaiona, inakuja vipande vya kuhesabu. Ukilalamika kaunta unaambiwa jiko limekodishwa, kaongee na watu wa jikoni. Mimi nimekaa kwenye kiti cha baa, chini ya taa ya baa, mambo ya nani kamkodisha nani yananihusu nini? Ukilipa kwa lipa namba unasubirishwa robo saa kwa sababu simu yenye ujumbe anayo bosi, na bosi yuko Dar. Choo cha wanaume tangu Januari hakina maji, kuna pipa na kopo.

Naomba uzoefu wenu. Kwenu ikoje?

#2

Mkuu nakuheshimu, lakini hapa unamtetea mwizi. Bia tatu ambazo hamkunywa ni wizi, awe amelia au hakulia. Mimi kaka yako nipo Mwanza, nililipa bili tu bila kuuliza kwa miaka mingi, siku nilipoanza kuandika kwenye simu kila chupa inayokuja ndipo nilipojua nimeliwa kiasi gani. Siku hizi nalipa bia ikifika, moja moja. Nakushauri ufanye hivyo hivyo.

#3

Kwanza pole kwa mwalimu wenu.

Mimi ni mwanamke, nafanya kazi Moro, na napenda kukaa na Castle Lite yangu mbili Ijumaa baada ya kazi, nasoma, naenda nyumbani. Naomba wanaume wa humu mjue huduma tunayoipata sisi. Nikikaa peke yangu naulizwa, "Dada unamsubiri nani?" Nikisema simsubiri mtu, mhudumu anaondoka na harudi. Mara mbili nimeinuka mwenyewe kwenda kaunta. Nikiwa na kaka yangu, mimi ndiye ninayeagiza, bili anapewa yeye.

Mara moja meneja wa baa fulani alinifuata akaniambia kwa upole kabisa kwamba nisogee kwenye meza za ndani kwa sababu pale mbele "wateja watanielewa vibaya". Alidhani ananisaidia. Niliacha bia nusu.

Nilikuja kupata baa moja ndogo Kihonda, anayeisimamia ni mama mtu mzima. Siku ya kwanza alikuja mwenyewe, akaniuliza jina, akamwambia mhudumu, "Huyu mgeni wetu, akae atakapo." Nina miaka mitatu pale. Bia zake wakati mwingine zinakuja moto kwa sababu friji lake dogo, na sijawahi kuhama.

#4

Nimesoma uzi huu mara mbili ndipo nikajiandikisha ili nijibu. Nilikuwa baamedi kwa miaka minne, nimeacha. Siku hizi nina genge langu la mboga na matunda. Ndugu yangu wa #2, naomba unisikilize kabla hujaandika tena neno mwizi.

Wateja wengi hawajui bia inatoka kaunta kwa utaratibu gani. Baa nilizofanya mimi, mhudumu anaingia kazini na floti. Kwingine unapewa na bosi, kwingine ni pesa yako ya mfukoni. Tuseme 40,000. Ukiagiza bia mbili, mimi naenda kaunta NAZINUNUA. Natoa 5,000 taslimu, kaunta wananipa bia, nakuletea. Kuanzia hapo kaunta hawakudai kitu, anayekudai ni mimi. Umekaa saa nne unakunywa, umekopeshwa na binti ambaye nauli yake ya kurudi nyumbani imo kwenye hizo chupa zako.

Meza ya watu wanne ikinywa bia kumi na sita, floti yote ya 40,000 imekwisha. Sasa umeniita nikaitikia "nakuja" halafu sionekani. Unasema mvivu. Mimi niko meza nyingine namwomba mzee anilipe mbili tu za kwanza ili nikakuchukulie yako. Na ile "sina chenji ngoja kidogo", chenji yako ndiyo iliyonunua bia ya meza ya pili.

Wakikimbia, imekula kwangu. Kaunta hawana hasara, bosi hana hasara. Asubuhi wanapiga stoku, chupa zimetimia, pesa imetimia, kila mtu yuko salama isipokuwa mimi. Nilikuwa nalipwa 100,000 kwa mwezi, mwaka 2018. Usiku wa mechi moja meza ya watu watano iliondoka na bia zangu kumi na tano. 37,500. Zaidi ya theluthi ya mshahara kwa usiku mmoja.

Mwenzangu aliyenifundisha kazi aliniambia, "Shoti ya meza hii inalipwa na meza ile." Shoti ndiyo hiyo pesa iliyopungua. Sikutaka. Mwezi wa kwanza nilikataa nikala hasara yote. Mwezi wa pili mwanangu aliumwa. Nikaanza kuongeza bia moja kwa meza zilizolewa. Nasema hapa kwa sababu hamnijui, na kwa sababu kila nilipofanya hivyo nilikuwa najua ninamfanyia nani.

Binti aliyewakimbilia getini, mimi hiyo sikuwahi kuiweza.

#5 (mleta uzi)

Dada wa #4, nimekaa na hii simu mkononi muda mrefu. Miaka sita nakaa pale na sikuwahi kujua kwamba bia inanunuliwa kabla haijafika mezani. Asante kwa kusema.

Naomba nikuulize: huo mshahara wa 100,000, mkataba ulikuwepo?

#6

Mkataba wa baamedi? Mkuu wengi wanaingia kazini kwa maneno. Niongeze hapo kidogo maana nilikuwa kwenye chama cha wafanyakazi: Amri ya Mishahara ya mwaka 2013 iliwataja wazi wafanyakazi wa migahawa, gesti na baa, kima cha chini 130,000 kwa mwezi, na tangu hapo kimepandishwa. Kwa hiyo mwaka 2018 dada alikuwa analipwa chini ya sheria hata kabla ya kukatwa. Na sheria ya ajira hairuhusu mwajiri kukata mshahara anavyojisikia kwa hasara, kuna utaratibu wake, ikiwemo mfanyakazi kupewa nafasi ya kujieleza na kukubali kwa maandishi. Mgogoro kama huo unapelekwa CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), na kuupeleka ni bure. Shida ni kwamba wanaoonewa hivi hawana hata barua ya kuonyesha waliajiriwa na nani.

#7

Mimi ni mwenye baa, Mafinga. Naomba nisipigwe mawe, nieleze upande wetu.

Floti haikuanza kwa roho mbaya. Nilipofungua, wahudumu walikuwa wanachukua bia kaunta kwa kuandikiwa, wanalipa wakifunga. Mwezi wa kwanza shoti ilizidi faida. Kaunta anasema katoa kumi, mhudumu anasema kachukua nane, daftari limeandikwa kwa mkono wa kaunta, nani mkweli? Mwenye baa mkongwe akaniambia weka floti, ulale usingizi. Nikaweka, nikalala. Na kweli shoti iliisha.

Kilichoisha pamoja nayo ni wateja, ila hilo lilichukua mwaka mzima kuonekana. Hawakuwa wanagomba. Walikuwa tu hawarudi. Mteja mmoja wangu wa siku zote, fundi magari, nilikutana naye sokoni nikamuuliza mbona kimya, akaniambia, "Kwako kila nikiondoka najiona nimeibiwa au nimemuonea mtu." Hayo maneno sijayasahau.

Nilichofanya ni hiki, na kimenigharimu. Nimeweka mtu wa pesa peke yake, asiyegusa chupa. Mhudumu ana kitabu cha oda chenye kopi, meza zina namba. Oda inaandikwa, kopi moja kaunta, nyingine inabaki mezani chini ya kisahani cha majivu, mteja anaiona muda wote. Chupa haitoki bila karatasi. Meza ikikimbia, tunatazama: mlinzi wa getini alikuwa wapi, meneja alikuwa wapi, mhudumu alikuwa na meza ngapi. Kuanzia meza saba kwenda juu hasara ni yangu, kwa sababu nimemtwisha mtu mmoja kazi ya wawili. Shoti bado zipo, siwezi kudanganya. Ni chache, nazijua zinatoka wapi.

Meneja ndiye mgumu kuliko vyote. Wengi tunaweka ndugu. Nilimweka mdogo wangu, kijana mzuri, lakini kazi yake aliiona ni kukaa kaunta na kulinda pesa isitoke. Hakuwahi kuzunguka mezani. Meneja wa baa anatakiwa atembee. Akitembea anaona meza isiyofutwa, anaona mteja anayenyosha mkono dakika kumi, anaona wale vijana wa ukutani wanaoanza kuvaa makoti.

#8

Tuguse na jirani wa baa basi. Nakaa nyumba ya tatu kutoka baa moja Forest, hapa hapa Moro. Spika wamezielekeza kwetu, Ijumaa mpaka Jumapili, watoto wanafanya mitihani. Kanuni za kelele na mitetemo zipo tangu 2015, NEMC, baraza la mazingira, wanazisimamia, na mwaka 2023 tuliona baa kadhaa Dar zikifungiwa. Hapa kwetu tulianza kwa mazungumzo. Meneja alisema akipunguza muziki wateja watahama. Mwenyewe nimekaa mle ndani, wateja wanaongea kwa kupigiana kelele masikioni, mhudumu hasikii oda, analeta Safari umeagiza Serengeti, inaanza ligi ya nani kasema nini.

Mji huu ni wa wanamuziki Mbaraka Mwinshehe na Salum Abdallah. Wazee wetu walicheza dansi la bendi nzima ukumbini na bado mtu aliweza kuongea na mwenzake. Hiyo sauti ya sasa ni ya nini?

#9

Kuhusu kubambikiwa, dawa mojawapo ni risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mashine zipo tangu 2010 na kila siku tunasikia "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti". Baa ngapi mnadai? Ukidai unaambiwa mashine mbovu. Ila risiti ikitoka, idadi ya bia inaonekana, kodi inaonekana, na meneja hawezi kukwambia habari za vizibo.

#10

Risiti inakuja mwisho mkuu. Ikichapwa kumi na sita imechapwa kumi na sita, sasa utabishana na mashine. Karatasi ya Mafinga ndiyo dawa, kwa sababu inaandikwa bia inapokuja, macho ya wote yakiwa bado mazima.

Na nyama: msiagize kilo kwa mdomo. Nenda mwenyewe buchani kwao, simama mbele ya mzani, angalia kama una stika ya Wakala wa Vipimo, chagua pande, lipime mbele yako. Nyama inapimwa mbichi na motoni inasinyaa, hapo usimlaumu mchomaji. Lakini kilo moja mbichi haiji vipande sita.

#11

Nami nikiri kitu. Mimi nilikuwa kwenye meza iliyokimbia, siyo hiyo ya Moro, ni zamani, chuo. Tulikuwa watatu, tulitoka mmoja mmoja tukijifanya tunaenda chooni, na tulicheka njia nzima. Tulidhani tumemuibia mwenye baa. Nimesoma #4 na sina amani. Ile baa ilishavunjwa, pale pana kituo cha mafuta. Sijui hata nianzie wapi kumtafuta yule dada.

#12 (mleta uzi)

Wakuu, mrejesho, maana imepita wiki ya tatu.

Nilichapa maelezo ya #4 na #7 nikayaweka kwenye bahasha. Mwenye baa yetu huja Jumapili. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Dar–Moro mwaka 2024 anakuja asubuhi na kurudi jioni, zamani tulikuwa tunamwona kwa mwezi mara moja. Tulikwenda watatu, na mwalimu akiwemo. Sikutaka kwenda kama mlalamikaji wa 7,500. Nilimwambia, "Mzee, sisi ni wateja wako wa miaka sita, tunaomba utusikilize nusu saa." Akaagiza soda, akakaa.

Alikuwa hajui kuhusu choo. Nasema kweli, hakujua. Aliinuka akaenda kuangalia, akarudi kimya. Kuhusu floti alijua, ila alisema meneja alimwambia wahudumu wenyewe ndio wanaoupenda mtindo huo. Nikamuuliza kama amewahi kumuuliza mhudumu mwenyewe. Akamwita yule binti. Binti alisimama anafinyanga kitambaa, akamtazama meneja, akasema, "Sawa tu bosi." Mzee akamwambia meneja akalete daftari la stoku, alipoondoka akamuuliza tena. Hapo akaongea.

Mabadiliko mpaka leo: maji chooni yamerudi. Meza zimepakwa namba kwa rangi nyeupe. Kuna vitabu vya oda, karatasi inabaki mezani. Lipa namba ina simu yake kaunta, malipo yanasomwa hapo hapo. Jiko bado ni lile lile, mwenye jiko anasema mkataba wake unaisha Desemba. Meneja yupo, na ameanza kutembea, ingawa anatembea kama askari wa doria.

Jana nimekaa peke yangu chini ya mwembe. Bia nne, karatasi ina nne, kisahani kina vizibo vinne maana binti bado anaviweka kwa mazoea. Nikalipa 10,000. Dada wa #3, njoo siku moja na kaka yako awepo, tutakukaribisha, na bili utapewa wewe.

#13

Mimi wa #4. Nimefurahi kiasi ambacho sijui kukiandika.

Swali moja kaka. Ile pesa ya meza ya ukutani, ya siku ya mechi, ambayo binti alishakatwa. Amerudishiwa?

#14 (mleta uzi)

Hapana. Hatukuliulizia hilo. Na zile tatu zetu tulizolipa zaidi zilizibia sehemu tu.

Mzee anakuja Jumapili na treni ya asubuhi. Nitakuwa pale.